Mwanangu Hapimwi

Malindi ya siku zile ilikuwa na miguu ya namna mbili, iliyovaa na isiyovaa. Wanawake wa kiungwana walitembea juu ya mitalawanda, viatu vya mti vyenye visigino, wameubana msuruaki, kile kijiti cha mbele, baina ya kidole gumba na cha pili, ko, ko, ko, ukawasikia kabla hujawaona. Watumwa walikwenda miguu mitupu. Mtumwa aliyethubutu kuvaa viatu mbele ya bibi yake alikuwa amemtukana, na tusi hilo lilikuwa na fimbo yake. Basi serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha, wengi hawakukimbilia shamba wala kazi, walikimbilia viatu. Acheke anayetaka kucheka. Aliyezaliwa navyo atajuaje?

Mapenzi, mmoja wa wanawake hao walioachwa huru, hakukimbilia. Nyayo zake zilikwisha pasuka, akasema viatu vimempita. Alitoka nyumbani kwa Bi Shekue, bibi yake wa zamani, na fundo la nguo na binti mmoja, akajenga kibanda upande wa Muyeye, akawa anasuka makuti na kuyauza. Mume alikuwa naye zamani, mtumwa mwenzake, akafa kwa ndui. Alichobakiwa nacho duniani ni yule binti, Kache, aliyempa jina la mama yake mzazi wa bara. Na Kache alikuwa amepata mchumba, au tuseme nusu ya mchumba.

Nusu, kwa sababu kijana mwenyewe, fundi wa kushona matanga, alikuwa radhi, na mama yake bado. Huyo mama, Bi Mwanatumu, hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa kuogopa macho ya watu. Alimwambia Mapenzi waziwazi, wakiwa kisimani: "Mwanao mzuri, na adabu anayo. Lakini siwezi kumwoza mwanangu mke ambaye mji haumjui. Siku nitakayomwona kwenye mstari wa kina Bi Shekue, anacheza na wanawake wenzake, siku hiyo posa itafika kwako. Nisipomwona, basi, tusameheane."

Mstari huo ulikuwa wa lelemama. Wanawake walisimama uani bega kwa bega, kila mmoja na vipande vya pembe mkononi, wakavigonga wakiimba, na visigino vya mti vikazijibu pembe kwenye sakafu, vyote kwa pamoja. Chama cha Bi Shekue kilikuwa na mahasimu mtaa wa pili, na mwaka ule kila chama kilikuwa kikitafuta watu. Bi Shekue aliposikia kwamba Kache ana sauti, akamwita Mapenzi.

"Mlete mwanao Alhamisi," akamwambia, tambuu shavuni. "Nimpime pale kwenye mwimo wa mlango, kisha uende kwa fundi Kombe akamchongee viatu. Harusi ya mpwa wangu mwezi ukiandama. Nataka awe tayari."

"Ewallah, Mwana," akajibu Mapenzi kama mtumwa kwa bibi yake, maana ulimi wake ulikuwa haujapata habari ya uhuru. Akaaga akatoka. Alipofika njiani akakaa chini ya ukuta wa watu kama mgonjwa.

Kupimwa. Tena kwenye mwimo uleule.

Alikuwa mtoto wa kupoteza meno ya mbele, mwaka wa njaa kubwa huko bara, baba yake alipomleta mjini kumweka rehani. Mvua ikinyesha nitarudi kukukomboa, alimwambia njiani, tena alimwambia mara nyingi, kama mtu anayejiambia mwenyewe. Marehemu baba yake Bi Shekue alitoka mlangoni na sauti laini, sauti ya mtu anayependa watoto. "Njoo, mwanangu, tuone umekua kiasi gani." Akamsimamisha kwenye mwimo, akamweka mkono mgongoni, akampima kwa shibiri toka kisigino hadi sikio, kisha akatoa kisu akakata alama kwenye mti. Shibiri ndizo zilizotoa idadi ya pishi za mtama. Baba yake aliubeba mfuko begani akaenda zake, na hakugeuza shingo. Huenda alilia. Hilo halikumsaidia mtu.

Mvua ilinyesha. Ilinyesha miaka mingi. Na yule mtoto kila akipita mlangoni aliitazama alama, akaona sikio lake linaipita, akaingiwa na hofu ambayo hakumwambia mtu hata siku moja: kwamba kwa kukua ameongeza bei yake, na baba yake sasa hataweza tena. Kuna wakati alikuwa akijinyima chakula ili asirefuke. Mambo hayo mtoto huyafikiria peke yake, na hayupo wa kumwambia, wee mjinga, si hivyo.

Alhamisi ilipofika, Mapenzi alituma salamu kwamba Kache ana homa. Kisha akamshika mkono huyo Kache asiye na homa, wakaenda moja kwa moja kwa fundi.

Kombe alikuwa mtu wa bara naye, aliyesilimu zamani na kuoa mjini. Walimkuta barazani kwake, tezo mkononi, maranda ya mti yamemjaa ndevuni.

"Shikamoo, baba," Kache akasema.

"Marahaba, mwanangu. Viatu vya ngoma hivyo? Vya Bi Shekue?" Akanyosha mkono. "Leteni uzi."

"Uzi gani?" akauliza Mapenzi.

"Uzi wa kimo. Bi Shekue humpima msichana kwake, akafunga fundo, na uzi ukaja kwangu."

"Uzi hatuna. Wewe chonga tu."

"Nichonge tu!" Kombe akacheka. "Dada yangu, hivi si vinu. Mwanafunzi huanza na kisigino cha vidole viwili, asije akaanguka akatia watu aibu. Na huyu mwanao mrefu, pengine hata viwili vimezidi, kimoja kingemtosha. Mstari wao hulinganishwa vichwa. Mfupi huinuliwa, mrefu hushushwa, mpaka wote wakawa sawa kama meno ya kitana. Ndiyo fahari yao." Akaweka tezo chini, akamwonyesha Kache nguzo ya baraza. "Njoo, mwanangu, simama hapa tuone."

Masikini Kombe, hakujua alichokisema. Mapenzi aliruka akasimama katikati yao, mikono ameitanua.

"Mwanangu hapimwi!"

Mbuzi waliokuwa wakilala kivulini waliinuka. Kache alimtazama mama yake kwa haya, maana hakuwahi kumwona hivyo, na hakuwahi kuambiwa neno hata moja juu ya mwimo wala mtama. Mapenzi hakuwa amemwambia. Alidhani kimya chake ni nguo anamfunika nayo mtoto.

"Haya, hapimwi," Kombe akasema taratibu. "Basi niambie wewe. Kimo gani?"

"Vya Bi Shekue vina kimo gani?"

"Vidole vinne. Lakini Bi Shekue ni mfupi, dada, mji mzima wajua."

"Basi vinne."

"Huyu akivaa vinne atakuwa mnara."

"Vinne, fundi! Au visigino vya kwetu sisi huwa na kikomo?"

Msimcheke. Miaka yote alikuwa akivipanga viatu vile mlangoni, akivifuta mchanga kwa kitambaa, na vilivyo virefu kuliko vyote vilikuwa vya mwenye nyumba. Tangu utotoni aliutazama ulimwengu kutokea huko chini. Kwake yeye urefu wa kisigino ulikuwa heshima, na heshima haipimwi kwa uzi. Haya ya kulinganisha vichwa aliyasikia, akayatia katika kapu moja na ile sauti laini ya zamani. Watu wakitaka kukupima hawakosi neno tamu. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Kombe akachonga vinne. Alivichonga vizuri, na misuruaki akaitia vichwa vya duara kama vya waungwana, lakini siku ya kuvitoa alimwambia Kache peke yake, "Mwanangu, vikikushinda, rudi nivipunguze. Usione haya."

Kache hakurudi. Alijifunza nyuma ya kibanda juu ya jiwe la kufulia, ameshikilia ukuta, vidole vimechubuka kwa msuruaki, akianguka na kuinuka. Usiku alipaka mafuta ya nazi. "Mama," alisema mara moja, "hivi si virefu mno kwa mtu anayeanza?" Mapenzi akamjibu kwamba mtu huru haanzi chini. Basi mtoto akaendelea. Alimtaka yule fundi wa matanga, alitaka pia mama yake afurahi, na kwa hayo mawili mtu huweza kusimama juu ya vitu vingi. Mwezi ulipoandama alikuwa anakwenda juu ya vinne bila kushika ukuta, na Mapenzi alipoisikia ile ko, ko, ko ikitoka mlangoni pake mwenyewe, alikaa akalia kwa furaha.

Siku ya harusi, baada ya alasiri, ua wa Bi Shekue ulijaa wanawake. Mahasimu wa mtaa wa pili walikuwa wamealikwa, na wamekuja, kwa nia wanazozijua wenyewe. Bi Mwanatumu alikaa jamvini mbele. Kache alikuja na leso mpya ya duka la Chimanlal, ameshika viatu mkononi, akavivaa pale pale uani, akaingia mahali alipoonyeshwa, katikati ya mstari.

Pembe zililia. Kache aliijua ngoma, tena aliijua vizuri. Kisigino chake kiligonga pamoja na vya wenzake, sauti yake ikaja juu yao safi. Lakini kichwa chake kilikuwa juu yao pia. Kichwa, shingo na mabega, amewazidi wote, na mstari ule uliosifika pwani nzima kwa kulingana ukawa na nundu katikati. Upande wa mahasimu mtu akakohoa, mwingine akaziba mdomo kwa leso. Kisha kicheko kikatoka.

Bi Shekue akainua mkono, pembe zikanyamaza. Wengi walitazamia matusi. Lakini yeye alikuwa mtu wa mzaha, akapiga makofi.

"Loo! Mnazi gani huu umenimea uani? Kosa langu, jamani, msichana alikuwa na homa, hakupimwa. Kache, njoo hapa mwimoni. Hakuna aliyeingia mstari huu asipimwe, hata mimi nilipimwa na marehemu mama. Tutampelekea Kombe viatu sasa hivi avikate, na kabla ya magharibi utakuwa umesharudi mstarini."

Kache akatabasamu kwa haya. Bi Mwanatumu naye alikuwa akitabasamu, akitikisa kichwa kama mama anayemtazama mwanawe wa kike. Hilo Mapenzi aliliona baadaye, katika kumbukumbu, na alilirudia kuliona mpaka akazeeka. Wakati ule alikuwa akiutazama mlango tu. Kache alipanda barazani, ambako mlango ulikuwa juu kuliko ua kwa kimo cha kiuno, akauweka mgongo wake kwenye mwimo. Viatu hakuvivua, kwa kuwa hakuambiwa.

Bi Shekue akaweka kiganja juu ya kichwa chake. Mwimo ulikuwa na alama nyingi, zimepanda kama ngazi, na furaha ya harusi ilimfanya Bi Shekue aanze kuzionyesha. "Hii yangu mimi. Hii ya dada yangu. Na hii hapa chini kabisa, ona, hii ya mamako! Baba aliikata kwa mkono wake. Alikuwa kijitoto hivi, meno hana."

"Kumbe Mapenzi naye alikuwa wa lelemama?" mmoja akauliza.

"Lelemama ya pishi," akajibu mwingine, na ua ukacheka.

Mapenzi hakujua amefikaje barazani. Alimshika Kache mkono akamvuta.

"Shuka! Twende zetu!"

"Mama, niache. Napimwa tu."

"Hupimwi! Wallahi mwanangu hapimwi!"

"Mama, tafadhali, watu wanatazama..."

Akavuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyesuka makuti na kutwanga mtama wa watu maisha yake yote. Angekuwa miguu mitupu, Kache angeyumba akasimama. Angekuwa juu ya vidole viwili, pengine angeruka. Juu ya vinne kisigino kilipinduka, na vidole vilivyofunzwa kuubana msuruaki havikuuachia, mguu ukabaki kiatuni wakati mwili umekwisha kwenda. Muundi wake ulipiga ukingo wa jiwe wa baraza. Wanawake wote walisikia, hata waliokuwa jikoni.

Mganga wa mifupa alikuja, akanyosha, akafunga mabanzi, akasoma aliyoyasoma. Mfupa ulitoboa ngozi, homa ikaingia, mara hii homa ya kweli. Kache hakufa. Lakini mfupa uliunga kwa kupandana, mguu ule ukawa mfupi, na alipofunguliwa mabanzi akasimama, mwili wake ulilala upande mmoja kama kibanda kilicholiwa na mchwa.

Bi Mwanatumu alikuja na uji, akalia machozi ya kweli, akaenda zake. Posa haikuja. Kabla ya kaskazi kuvuma yule kijana alioa kwingine, na siku ya harusi yake Kache aliomba mlango ufungwe.

Watu walikuwa na methali yao tayari, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wakaisema sokoni, wakaisema kisimani. Mkuu yupi? Mkuu yule wa sauti laini? Na guu lililovunjika lilikuwa la nani? Ni rahisi kutupa methali ukiwa na miguu yako miwili.

Bi Shekue pia alikuja, na chupa ya mafuta. Alisimama mlangoni, hakuingia, kwa kuwa kibanda kilikuwa kidogo. "Mapenzi," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu, "niambie haki ya Mungu. Nilikosa nini?"

Alikuwa hajui. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Mapenzi alimtazama yule mwanamke mfupi juu ya viatu vyake virefu.

"Hukukosa kitu, Mwana," akasema.

Ndipo jioni ile, Bi Shekue alipokwisha kuondoka, akamweleza Kache. Alimweleza yote, njaa, baba, shibiri, alama, hata kule kujinyima chakula asikue. Kache alisikiliza ameugeukia ukuta. Mapenzi akadhani amelala.

"Ungeniambia, mama," akasema mwishowe. "Pengine nisingekwenda kabisa. Au ningekwenda nikapimwa nikijua. Lakini ningechagua mimi."

Mapenzi akachukua makuti akasuka.

Mvua za masika zilipokwisha walikwenda tena kwa Kombe. Kache alikwenda kwa fimbo, na kila hatua nyonga ilimuuma, ndiyo maana walikwenda. Kombe alipowaona alisimama, na uso wake ukaanguka.

"Nataka viatu, baba," Kache akasema. "Kimoja kiwe na kisigino kidogo tu, na cha pili kirefu, nipate kusimama sawa."

"Nitakuchongea, mwanangu. Lakini..." Kombe akamtazama Mapenzi, akatazama chini. "Hiki siwezi kukikisia. Lazima nijue mguu umepungua kiasi gani."

Kache hakumngojea mama yake. Alijikongoja hadi kwenye nguzo ya baraza, akaweka fimbo kando, akauegemeza mgongo, akajinyosha mpaka jasho likamtoka. Mguu mzima ulikanyaga chini. Ule mwingine ulining'inia.

"Nipimeni," akasema.

Kombe hakusogea. "Mimi mwanamume, sishiki mguu wa mtoto wa mtu. Pima wewe, mama yake."

Mapenzi alipiga magoti. Unyayo wa mwanawe ulikuwa mbele ya macho yake, mwembamba, vidole vina makovu ya msuruaki. Akatia mkono baina ya unyayo ule na ardhi, akapachika kidole kimoja, akapachika cha pili, na hapakubaki nafasi. Alibaki hivyo ameinama.

"Vingapi?" akauliza Kombe.

Midomo yake ilicheza tu.

"Sema kwa sauti, mama," Kache akamwambia kutoka juu, bila hasira. "Fundi hajasikia."

"Viwili," akasema Mapenzi.

Kombe akaokota kipande cha mti na kuanza kuchonga.